Siku kumi za Ayurveda Fort Kochi: zinamfaa mama mwenye magoti, sukari na presha?

SWALI: Mimi ni mtu wa Mombasa, naishi Muscat. Mamangu ana miaka 62. Magoti yanamsumbua, daktari amesema yamesagika, na pia ana sukari na presha, zote za vidonge. Nimepata nyumba ndogo ya Ayurveda, ile tiba ya asili ya India, vyumba sita tu, ndani ya mji wa kale wa Fort Kochi, jimbo la Kerala. Nataka twende pamoja siku kumi mwezi wa Julai: asubuhi atibiwe, mchana tutembee mji. Wenye nyumba wanaahidi "panchakarma kamili". Nyumbani Kerala tuliijua zaidi kupitia habari za familia ya Raila Odinga. Je, hii ni tiba kweli au ni utalii? Na upande wa dini kuna la kuangalia?

JIBU: Dada yangu, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Nendeni, ila msiende kwa hiyo panchakarma kamili, wala kwa mpango wa tiba asubuhi na mizunguko mchana. Kwa siku kumi mama anaweza kukandwa vizuri, kula chakula chepesi, kulala mapema na kurudi akiwa anainuka kitini bila kushika meza. Hayo si madogo. Kinachonitia shaka ni neno "kamili" kutoka kwa watu ambao, kwa maelezo yako, bado hawajauliza mama anameza vidonge gani.

Panchakarma ni tiba nzito. Njia zake kuu ni tano: kutapishwa, kuharishwa kwa haluli, dawa kuingizwa kwa njia ya haja kubwa, dawa kutiwa puani, na kutolewa damu. Si kila mgonjwa hufanyiwa zote, daktari huchagua. Ila kabla ya njia yoyote kubwa kuna maandalizi. Mgonjwa hunyweshwa samli yenye dawa kila asubuhi, kiasi kikipanda siku hata siku, mara nyingi siku tatu hadi saba. Kisha hupakwa mafuta na kufukizwa mvuke. Ndipo ije siku ya kusafishwa, na baada yake hurudishwa kwenye chakula taratibu, akianza na maji ya wali, kisha uji, kisha wali laini, siku kadhaa tena. Ukijumlisha unaona kwa nini madaktari wa Kerala huzungumza siku 14, 21 au 28. Ukiibana kazi hiyo ndani ya siku kumi, na mbili kati yake ni za safari, lazima kitu kirukwe, na kinachorukwa huwa ni maandalizi au mapumziko, yaani zile sehemu zinazomlinda mgonjwa.

Kwa mama yako mimi hata siku 28 nisingeomba haluli. Mtu wa vidonge vya presha, hasa vile vya kukojoza, akiharishwa hupoteza maji na chumvi. Presha inaweza kushuka ghafla na figo zikabeba mzigo. Kama anameza metformin, kidonge cha sukari, mwili uliokaukiwa na figo zilizoelemewa ni hatari ya pekee. Na kama kidonge chake cha sukari ni glibenclamide au ndugu zake, akila uji mtupu huku kidonge kikifanya kazi ileile ya siku ya pilau, sukari itaanguka. Hizi ndizo dharura ninazozihofia zaidi kwa wagonjwa wa umri wake wanaokwenda kwenye nyumba hizi, na nyingi huzuilika kwa mazungumzo ya dakika kumi kabla ya safari.

Sasa, je, ni tiba? Kwa magoti yaliyosagika kuna utafiti mmoja mzuri wa kutaja. Uliongozwa kutoka hospitali ya Charité, Berlin, ukachapishwa 2018. Wagonjwa 151 wa magoti waligawanywa makundi mawili kwa wiki 12: wengine Ayurveda, wengine matibabu ya kawaida ya mifupa. Kundi la Ayurveda lilipata nafuu zaidi ya maumivu na ugumu wa goti. Lakini soma vizuri walichofanyiwa: kukandwa, ushauri wa chakula na mwenendo, mazoezi ya yoga ya magoti, dawa za mimea, vyote kwa pamoja na kwa wiki 12. Na kila mmoja alijua yuko kundi gani, kwa hiyo matumaini nayo yana fungu lake katika nafuu hiyo. Mimi nauamini kwa kiasi hiki: mafuta ya moto, mikono ya watu wanaojua kazi, uzito kupungua kidogo na mazoezi vinasaidia goti. Gegedu lililokwisha halirudi. Akitokea mtu wa kukwambia mama "atapona" magoti kwa siku kumi, agana naye kwa heshima.

Kuhusu Raila, wengi wananiletea mfano huo. Binti yake Rosemary alitibiwa macho Koothattukulam, ambako ni wilaya ileile ya Ernakulam yenye Kochi, na Waziri Mkuu wa India, Modi, akaisimulia habari hiyo redioni mwaka 2022. Raila mwenyewe alifariki Koothattukulam hukohuko Oktoba 2025. Pale palipomtibu Rosemary ni hospitali ya macho ya Ayurveda yenye madaktari na wodi. Nyumba ya vyumba sita Fort Kochi ni kitu kingine. Kerala ina ngazi tatu ambazo wageni huzichanganya: hospitali za Ayurveda, kama zile za Kottakkal ambako Arya Vaidya Sala ilianzishwa 1902, nyumba za tiba na mapumziko zenye daktari wake, na hoteli zenye chumba cha kukanda ambako mgeni hulipa saa moja akaondoka. Nyumba yako inaweza kuwa ya ngazi ya pili au ya tatu, na picha za maua ya mrehani kwenye bakuli la shaba hazitakwambia ni ipi.

Daktari ndiye atakayekwambia. Uliza jina lake na usajili wake. Awe na BAMS, shahada ya udaktari wa Ayurveda, ambayo India huchukua miaka mitano na nusu, mwaka wa mwisho ukiwa wa mazoezi hospitalini, na awe amesajiliwa na baraza la jimbo. Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: analala hapo, anakuja kila siku, au huja siku ya kwanza na ya mwisho tu? Nyumba ndogo nyingi hugawana daktari mmoja. Hilo si kosa, bora amwone mama kila asubuhi kabla ya mkandaji kupasha mafuta. Idara ya utalii ya Kerala pia huvipa vituo daraja, Ayur Diamond na Ayur Gold, baada ya kukagua wahudumu, vyumba na vifaa. Nyumba isiyo na daraja si lazima iwe mbaya, ila yenye nalo imekaguliwa na mtu asiye mwenyewe.

Udogo wa nyumba kwa hakika naupenda. Penye vyumba sita, mpishi anajua nani ana sukari, na mkandaji wa Jumatatu ndiye wa Ijumaa. Anakumbuka goti la kushoto ndilo bovu. Hasara ni kwamba hakuna muuguzi wa usiku. Hospitali kubwa ziko upande wa Ernakulam, ng'ambo ya maji, na usiku wa mvua barabara ya madaraja si fupi. Uliza mapema ni gari gani litawapeleka saa nane za usiku na hospitali ipi.

Kinachomfaa mama ndani ya siku nane za kazi ni hiki, na unaweza kuwaandikia hivyohivyo. Kukandwa mwili mzima kwa mafuta, wakandaji wawili wakienda sambamba pande mbili za kitanda cha mbao. Mafuta ya maumivu ya viungo utayasikia yakiitwa dhanwantharam au kottamchukkadi, mengi yakiwa na ufuta ndani. Kizhi, yaani vifundo vya kitambaa vilivyojazwa majani au unga wa dawa, vikachovywa kwenye mafuta ya moto na kugongwagongwa juu ya kiungo. Halafu janu basti: hutengenezwa kiduara cha donge la unga wa dengu nyeusi juu ya goti, mafuta ya uvuguvugu yakamiminwa ndani na kubadilishwa kila yakipoa, kama nusu saa hivi. Wagonjwa wa magoti huipenda hii kuliko zote. Shirodhara, ule uzi wa mafuta unaotiririka juu ya paji la uso, ni nzuri kwa usingizi, na kwa goti haina la kufanya. Akitaka apate mara moja au mbili, raha nayo haina ubaya.

Hapo kwenye joto nikazie. Mtu aliyekaa na sukari miaka mingi huenda nyayo na miguu imepoteza hisia kidogo, naye hajui. Kifundo cha moto kitamuunguza akiwa anasema "sawa tu". Kabla ya safari daktari wake ampime hisia za miguu, na mkandaji ajaribu joto kwenye mkono wake mwenyewe, au kwenye mkono wako, asitegemee jibu la mama. Chumba cha mvuke kwa mwenye presha kiwe cha muda mfupi, au kisiwepo kabisa.

Vidonge vyake asiache hata kimoja kwa amri ya mtu wa nyumba ile, hata akiwa daktari mpole wa namna gani, mpaka daktari wake wa Mombasa akubali. Beba kipimo cha sukari, mpime asubuhi na jioni, uandike. Chakula kitabadilika sana: uji wa wali, choroko, mboga za nazi, matunda, bila nyama wala samaki. Wali ule mwekundu wa Kerala bado ni wanga, msiudharau. Kwa hiyo sukari inaweza kupanda au kushuka, na bila kupima hamtajua.

Kuhusu dawa za kumeza mimi ni mkali. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha katika jarida la JAMA matokeo ya kupima dawa 193 za Ayurveda zilizokuwa zikiuzwa kwenye intaneti. Karibu moja katika kila tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Kundi liitwalo rasa shastra hutiwa madini kwa makusudi. Mkatalie mama kila kidonge au unga usio na lebo ya kiwanda, orodha ya viungo na namba ya toleo, na uulize wazi kama ni wa kundi hilo. Mafuta ya kupaka hayanipi wasiwasi huo. Mimea ya kushusha sukari, kwa mwenye vidonge vya sukari, ni kuongeza dozi bila kujua umeongeza kiasi gani.

Upande wa dini, yapo mambo ambayo wenyewe hawatakuambia usipouliza, si kwa hila, ni kwamba kwao ni ya kawaida. Dawa za maji zenye majina yanayoishia na arishtam au asavam huchachushwa kwa sukari guru na maua, na ndani yake huzaliwa kileo, kwa baadhi hata zaidi ya asilimia 5. Ombeni kashayam badala yake, ambayo ni mizizi na magome yaliyochemshwa tu; ni chungu kweli, ila haina jambo. Samli iitwayo panchagavya hutengenezwa kwa vitu vitano vya ng'ombe, na mkojo na kinyesi vimo. Ikatae kwa jina. Wakandaji wa mama wawe wanawake. Kerala huo ndio utaratibu wa nyumba zinazojiheshimu, lakini thibitisheni, kwa kuwa mgonjwa huvaa kitambaa kidogo sana. Si ajabu kukuta picha ya Dhanwantari, mungu wa tiba wa Wahindu, na taa ndani ya chumba cha tiba, na mkandaji akaomba dua yake kabla ya kuanza. Mkitaka chumba kingine semeni kwa upole, watawaelewa: zaidi ya robo ya watu wa Kerala ni Waislamu, na majira ya mvua wagonjwa kutoka Oman na Ghuba nzima hufurika huko. Mafuta huachwa mwilini kwa muda kabla ya kuoga, basi saa ya tiba isigongane na adhuhuri.

Nije kwenye mji, maana najua ndio umekuvutia. Tiba hii humtaka mgonjwa akae bure. Baada ya mafuta hatakiwi jua, upepo, vumbi, wala kiyoyozi, na wewe wa Muscat hapo ndipo utakapoteseka. Kulala mchana nako ni mwiko. Kanuni ya zamani yasema siku za kujichunga baada ya tiba ziwe sawa na siku za tiba yenyewe. Mgonjwa aliyekandwa saa nne asubuhi, saa saba akiwa juani Mattancherry, mtaa jirani, akipanda ngazi, amelipia tiba na kuimwaga njiani. Kwa hiyo mji uwe wa jioni, nusu saa, na wa karibu.

Bahati nzuri Fort Kochi ni tambarare na vivutio vyake vimekaribiana. Nyavu za Kichina pale ufukweni zinaonekana kwa kusimama tu, na kutoka hapo hadi kanisa la Mtakatifu Francis ni mwendo mfupi hata kwa magoti mabovu. Ndani yake kuna jiwe la kaburi alimozikwa Vasco da Gama alipofia Kochi mkesha wa Krismasi 1524, kabla mabaki yake hayajapelekwa Ureno 1539. Mama wa Mombasa ana haki ya kulitazama jiwe hilo kwa jicho lake: Da Gama ndiye aliyepewa rubani Malindi mwaka 1498, na miaka saba baadaye Mreno mwenzake Almeida aliichoma Mombasa akiwa njiani kuja hukuhuku Kochi kuwa mtawala wa kwanza wa Wareno India.

Historia ya tiba nayo ipo palepale. Waholanzi waliuteka mji 1663, na gavana wao Van Rheede akakusanya maarifa ya mimea ya Malabar kutoka kwa waganga wa huko, mmoja wao Itty Achudan, ambaye ushahidi wake wa 1675 ulichapwa ndani ya kitabu. Hortus Malabaricus ilitoka Amsterdam kati ya 1678 na 1693, juzuu 12, mimea 742. Maarifa yaliyomo ndiyo ya watu ambao vizazi vyao vitamkanda mama yako, basi msidhani Ayurveda imebandikwa kwenye mji huu ili kuwafurahisha wageni.

Mattancherry iacheni kwa siku ya kabla ya tiba kuanza. Nendeni na tuktuk. Sinagogi la Paradesi la 1568 hufungwa Jumamosi na jumba la kifalme hufungwa Ijumaa, kwa hiyo chagueni siku nyingine. Mama atakuta huko Wakachi Memon, jamii aliyoizoea Mombasa, na kwa Ijumaa yenu upo msikiti wa kale wa Chembittapally, Kochangadi.

Julai ni chaguo zuri kwa tiba na baya kwa matembezi. Ni kusi ileile ya kwetu, ikifika Kerala mwanzoni mwa Juni imebeba mvua. Watu wa huko huuheshimu mwezi wao wa Karkidakam, katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti, kuwa ndio wakati wa mwili kupokea mafuta: hewa imepoa, vumbi limetulia. Ila mawe ya njiani yanateleza. Viatu vya mama viwe na soli ya mpira. Na chumba kiwe cha chini! Nyumba za Wareno na Waholanzi zina ngazi za mbao zilizo wima, zinapendeza kwenye picha. Kwa magoti yaliyosagika ni adhabu mara nne kwa siku. Ulizia pia choo cha kukaa chenye cha kushikilia, sakafu isiyoteleza mtu akiwa na mafuta miguuni, na ukungu ukutani, kama mama ana pumu.

Karatasi ni chache. Tangu 2023 India ina viza ya Ayush kwa wanaokwenda kwa tiba zake za asili, na msindikizaji hupewa yake. Ombeni kwenye tovuti rasmi ya serikali pekee. Mama akitokea Kenya lazima awe na kadi ya homa ya manjano, chanjo iwe imechomwa si chini ya siku 10 kabla. Asipokuwa nayo anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, na siku kumi zenu zimekwisha uwanjani. Bora apitie Muscat akapumzike kwako siku mbili tatu, maana kutoka hapo kuna ndege ya moja kwa moja hadi Kochi.

Mkimaliza, asipande ndege ya Mombasa kesho yake. Akae kwako wiki moja, ale chakula kilekile chepesi, asibebe kitu. Wiki ya pili apimwe figo, ini, sukari na presha. Mwombeni daktari wa kule awaandikie karatasi ya kila alichofanyiwa na kila alichopewa, na mama aipeleke kwa daktari wake pamoja na chupa zote alizorudi nazo, kabla hajaonja hata moja nyumbani.